Kemia ya Mlangoni, Sehemu ya Tatu: Stima Haipasui Chumvi

Pale Chaka, kando ya barabara itokayo Nyeri kwenda Nanyuki, yuko fundi wa betri ambaye mimi huketi kwake siku za soko nikimsubiri mama watoto amalize kuchagua viazi. Ana benchi moja, chaja mbili, na mtungi wa asidi ulioandikwa HATARI kwa rangi nyekundu. Juzi nilikuta betri ya lori imefunguliwa vifuniko vyote sita, na majimaji yaliyomo yakitoa povu dogo dogo kama chai inayokaribia kuchemka, ingawa betri yenyewe ilikuwa vuguvugu tu. Mpwa wake, kijana wa kidato cha nne aliyekuwa likizo, akainama kutazama, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, hapo stima inapasua maji, sivyo?"

Nikamwambia sivyo.

Fundi akacheka. "Basi hilo povu linatoka wapi, Mwalimu? Limeletwa na upepo wa mlima?"

Swali lake lilikuwa la haki, na jibu lake ndilo makala ya leo. Katika sehemu mbili zilizopita tuliona jinsi mawe ya tochi yanavyotoa stima kutokana na kemikali zilizomo. Leo tunarudi kwa njia ile ile tukitazama upande wa pili: stima inaingizwa, kemikali zinabadilika. Kuna wanaoliita jambo hili uchanganuzi-umeme. Mimi nitasema elektrolisisi, kwa kuwa ndilo neno lililo karibu na lile ambalo mwanafunzi atakutana nalo katika mtihani.

Nimefundisha somo hili miaka mingi, na kosa nililolisahihisha mara nyingi kuliko yote ni lile la kijana yule. Mwanafunzi huwaza kwamba mkondo wa stima unaingia ndani ya chumvi na kuichanja vipande viwili, kama shoka na gogo. Sivyo ilivyo. Chumvi huwa imekwisha kutengana kabla hujawasha swichi. Stima inakuja kufanya kazi nyingine kabisa, na inaifanyia mlangoni tu, haiingii ndani.

Chukua chumvi ya mezani, hii inayovunwa kwa kukausha maji ya bahari juani huko Gongoni na Marereni, kaskazini mwa Malindi. Ndani ya punje moja, kila atomi ya sodiamu imekwisha kupoteza elektroni moja, na kila atomi ya klorini imekwisha kupata moja. Atomi iliyopoteza au kupata elektroni haiitwi atomi tena. Inaitwa ayoni. Ayoni za sodiamu zina chaji chanya, za klorini zina chaji hasi, na kwa kuwa chaji zisizofanana huvutana, zimejipanga safu kwa safu, kila sodiamu ikizungukwa na klorini sita na kila klorini ikizungukwa na sodiamu sita. Hakuna bwana na bibi humo. Huwezi kuonyesha sodiamu fulani ukasema klorini yake ni ile pale.

Jambo hili liliwakera hata wakubwa. Mwaka 1913 William Bragg na mwanawe Lawrence walitumia eksirei kuonyesha mpangilio huo wa chumvi, na miaka 14 baadaye mkemia mashuhuri wa Uingereza, Henry Armstrong, bado alikuwa akiandika katika jarida la Nature kuilalamikia dhana hiyo, akiona kwamba chumvi imedhalilishwa kwa kunyimwa molekuli zake. Kwa hiyo kijana wa Chaka asione haya. Amekosea pamoja na maprofesa.

Sasa weka chumvi kavu katika kikombe, chomeka vijiti viwili, unganisha na betri na balbu ndogo. Balbu haiwaki. Ayoni zimo tele, lakini zimeshikana kila moja mahali pake, na chaji isiyotembea si mkondo. Ili zitembee, lazima uzifungue, na funguo ni mbili tu: moto au maji.

Tuanze na moto. Chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi, joto ambalo jiko la maabara ya shule halitalifikisha kwa urahisi. Ndiyo maana vitabu vya shule hupenda bromidi ya risasi, inayoyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 373. Katika silabasi ya 8-4-4 mwanafunzi hukutana nayo kidato cha pili, halafu mada hurudi kidato cha nne ikiwa na meno zaidi. Unaitia bromidi katika bakuli la kauri, unachomeka vijiti viwili vya kaboni, unawasha moto. Ikiwa bado ni unga, balbu imelala. Inapoanza kuyeyuka, balbu inafumbua jicho. Punde moshi wa kahawia unapanda kwenye kijiti kimoja: hiyo ni bromini. Chini ya kijiti cha pili kunajikusanya tone linalong'aa: risasi.

Vijiti vile vya kaboni, kwa shule isiyo na vifaa, hupatikana ndani ya mawe ya redio yaliyokufa, yale ya bei nafuu, ukiyapasua kwa uangalifu. Zamani mengi ya mawe hayo yalitengenezwa Nakuru, hadi kiwanda cha Eveready kilipofungwa mwaka 2014. Ama jaribio lenyewe, lifanywe na mwalimu, katika kabati la kuvuta hewa. Mvuke wa bromini unachoma mapafu na risasi ni sumu. Nimeliona likifanywa darasani madirisha yakiwa yamefungwa, na sitaki kuliona tena.

Ndani ya bakuli hilo kumetokea nini? Kijiti kilichounganishwa na upande hasi wa betri huitwa kathodi, na betri inakisukumia elektroni. Kile cha upande chanya ni anodi, na betri inakinyonya elektroni. Ayoni za risasi zina chaji chanya, kwa hiyo zinasogea kwenye kathodi. Zikifika, kila moja inakabidhiwa elektroni mbili na kuwa risasi ya kawaida, ile ya kuzamishia ndoano:

Pb²⁺ + 2e⁻ → Pb

Ayoni za bromini, zenye chaji hasi, zinaelekea anodi. Huko kila moja inanyang'anywa elektroni yake ya ziada, kisha zinaungana mbili mbili na kutoka kama mvuke. Wanafunzi wangu nilikuwa nikiwaambia: anodi hunyang'anya, kathodi hukirimia. Hayo mawili yakikaa kichwani, vifupisho vya Kiingereza wanavyokariri usiku wa mtihani havina kazi. Muhimu ni kwamba hakuna elektroni hata moja iliyopita katikati ya kile kimiminika kutoka kijiti kimoja hadi kingine. Kwenye waya husafiri elektroni. Kwenye chumvi iliyoyeyuka husafiri ayoni.

Mkulima wa Kieni atanielewa haraka. Gunia la kabeji linatoka shambani kwa mkokoteni wa punda, linafika barabarani, linapakiwa lori, linaenda Nairobi. Punda hafiki Nairobi, wala lori haliingii shambani kwenye tope, lakini mzigo unafika. Chaji ndiyo mzigo. Elektroni ni lori, ayoni ni punda, na kijiti cha kaboni ni pale barabarani wanapopakiana. Mfano huu una kasoro moja: katika bakuli letu kuna punda wa aina mbili wanaokwenda pande mbili tofauti kwa wakati mmoja, na nikijaribu kuwaingiza hao wote katika soko la Chaka, msongamano wake sitauweza. Basi tuishie hapo.

Maneno haya ya anodi, kathodi na ayoni yana umri wa karibu miaka 200. Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, aliyeanza maisha kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu, aliyatumia mwaka 1834 baada ya kuandikiana barua na William Whewell wa Cambridge, aliyekijua Kigiriki. Ayoni maana yake ni kitu kinachokwenda. Hata hivyo Faraday mwenyewe aliamini kwamba stima ndiyo inayolegeza na kutenganisha, sawa na kijana wetu. Ilipita nusu karne hadi Svante Arrhenius, Msweden wa miaka 25, alipopeleka tasnifu yake Uppsala mwaka 1884. Humo alieleza kwamba viunganiko hivi huachana katika maji kabla hujaviunganisha na betri yoyote. Wakaguzi wake hawakupendezwa, wakampa alama ya chini. Mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia, kwa kazi ile ile.

Na hapo ndipo tunafikia ufunguo wa pili, yaani maji. Molekuli ya maji ina upande wenye uhasi kidogo, ule wa oksijeni, na upande wenye uchanya kidogo, ule wa haidrojeni. Punje ya chumvi ikitumbukia, maji yanaizonga, mengine yakiivuta sodiamu kwa upande wa oksijeni, mengine yakiivuta klorini kwa upande wa haidrojeni, na ayoni zinabanduka moja moja. Ndiyo maana maji ya chumvi hupitisha stima na maji safi yaliyochujwa kwa mvuke hayapitishi ila kidogo mno.

Lakini maji yana gharama yake. Ukitumia maji, umewaalika washindani. Sasa kwenye kathodi hayuko sodiamu peke yake, kuna na maji yenyewe, ambayo yako tayari kupokea elektroni na kutoa haidrojeni. Sodiamu ni metali kali, na metali kali ni ile iliyoachia elektroni yake kwa hamu na haitaki kurudishiwa. Kwa hiyo haidrojeni hutangulia. Ukipitisha mkondo katika maji ya chumvi hupati sodiamu hata chembe. Unapata haidrojeni kwenye kathodi, na kwenye anodi unapata klorini kama maji ni ya chumvi nyingi, au zaidi oksijeni kama chumvi ni haba. Sodiamu inabaki majini pamoja na ayoni za haidroksidi, na karatasi nyekundu ya litmasi ukiitia karibu na kathodi inageuka buluu. Mtahini hulipenda sana swali hilo la chumvi nyingi na chumvi haba. Mwanafunzi aliyekariri huandika klorini pote.

Humphry Davy aligongana na ukuta huu huu kabla ya Faraday. Alitaka kujua ndani ya potashi kuna nini. Potashi ni chumvichumvi ya majivu, jamaa ya ile munyu ambayo Waluhya huchuja kutoka majivu ya maganda ya maharagwe ili kulainishia mboga. Alipoiyeyusha katika maji na kupitisha mkondo, alipata haidrojeni na oksijeni tu. Oktoba 1807 akaacha maji, akachukua potashi yenye unyevu mdogo tu, mkondo wenyewe ukaiyeyusha kwa joto, na vitone vinavyong'aa vikatokea upande hasi, vingine vikalipuka na kuwaka hapo hapo. Ilikuwa potasiamu, metali ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiona. Siku chache baadaye akapata sodiamu kwa njia hiyo hiyo. Inasimuliwa kwamba alirukaruka chumbani kwa furaha, na mimi naamini.

Klorini na haidroksidi ya sodiamu, ambazo maji ya chumvi hutoa, ukiziacha zikutane zikiwa baridi huzaa hipokloriti ya sodiamu. Jina hilo likikuchosha, tazama chupa ya Jik. Ndiyo hiyo. Viwanda huzaa klorini na haidroksidi kwa stima kutoka kwa maji ya chumvi, na harufu inayokupata unapoloweka nguo nyeupe ni kumbukumbu ya anodi fulani mahali fulani. Nakusihi usijaribu jikoni. Klorini ilitumika kuua watu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na chumba kidogo hujaa upesi.

Shaba ina tabia tofauti, nami huipenda zaidi. Katika maduka ya dawa za kienyeji kuna mawe ya buluu yaitwayo mrututu, ambayo ni salfeti ya shaba. Wakulima wa kahawa wa Mathira na Tetu wanaijua shaba kwa jamaa zake wengine, zile dawa zinazoacha madoa ya kijani na buluu kwenye majani wanapopulizia dhidi ya kutu. Koroga mrututu katika maji, chomeka vijiti vya kaboni, washa. Hapa shaba ndiyo inayotangulia mbele ya haidrojeni, kwa kuwa ni metali mpole, inapokea elektroni bila ubishi. Baada ya dakika chache kathodi imevaa koti jekundu. Kwenye anodi kunatoka oksijeni, na buluu ya maji inafifia kidogo kidogo huku maji yakigeuka asidi.

Badilisha kitu kimoja tu: badala ya kaboni, weka vibati vya shaba. Sasa anodi haina haja ya kunyang'anya maji elektroni, maana ina shaba yake mwenyewe mwilini. Inayeyuka. Kathodi inanenepa, anodi inakonda, na buluu haibadiliki. Anodi ikiwa shaba chafu, kathodi inapokea shaba safi, na dhahabu na fedha zilizokuwa zimejificha ndani ya ile chafu zinaanguka chini kama matope. Kuna viwanda ambavyo hupata faida nzuri kwa kuyaokota matope hayo.

Jambo hili halifanyiki kwenye bakuli tu. Huko Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya mjini na ya migodini, kampuni ya Union Minière ilianza mwaka 1929 kuzalisha shaba kwa elektrolisisi katika kiwanda cha Shituru, Likasi. Mwaka 1960 kikafuata cha Luilu karibu na Kolwezi. Mawe yenye shaba husagwa, huyeyushwa katika asidi ya salfuriki hadi ule ubuluu wa mrututu utokee, kisha maji hayo hupitishwa mkondo katika mabirika marefu yenye safu za vibati. Anodi ni za risasi, haziyeyuki, nazo hutoa oksijeni. Kathodi hukaa siku kadhaa zikinenepa, kisha hutolewa kama mbao nyekundu. Siku hizi mbao hizo huonekana zimefungwa juu ya malori yanayovuka Zambia na Tanzania kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Madereva huziita kathodi, neno la Whewell, bila kumdai Mgiriki yeyote.

Viwanda hivyo hula stima kwa pupa. Ndiyo sababu mojawapo Zaire ilijenga njia ya umeme ya kilomita zipatazo 1,700 kutoka maporomoko ya Inga hadi Kolwezi, ikakamilika mwaka 1982. Kwa hesabu ya Faraday, ambayo nitaieleza sasa hivi, tani moja ya shaba kwa volti 2 tu inadai takriban yuniti 1,700. Fikiria tokeni unazonunua kwa simu, kisha uhesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kiasi cha kitu kinachotoka hutegemea idadi ya elektroni zilizopita mlangoni, basi. Moli moja ya elektroni hubeba kulombi 96,500. Mkondo wa ampea 2 ukipita kwa saa moja, yaani sekunde 3,600, zimepita kulombi 7,200, sawa na moli 0.0746 za elektroni. Kila ayoni ya shaba inataka elektroni mbili, kwa hiyo gawanya kwa mbili: moli 0.0373. Zidisha kwa 63.5, ambao ni uzito wa moli moja ya shaba, upate gramu 2.37. Hakuna fomula ya kukariri hapo. Ni kuhesabu mzigo na kuhesabu punda.

Turudi kwa fundi. Stima ya nyumbani huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na kwa stima ya namna hiyo kathodi na anodi zingekuwa zikibadilishana kazi bila kukoma, hii ikibomoa ilichojenga ile. Chaja yake kwanza huifanya iende upande mmoja. Mkondo ukiingia kwenye betri iliyokufa, kazi yake ya kwanza ni kurudisha salfeti ya risasi iliyoganda kwenye vibati iwe risasi upande mmoja na oksidi ya risasi upande mwingine. Betri ikijaa, kazi hiyo imekwisha, lakini chaja haijui. Inaendelea kusukuma elektroni huku na kuzinyonya kule, na walio karibu na mlango ni maji na ayoni za asidi. Kathodi inatoa haidrojeni, anodi oksijeni. Hilo ndilo povu: maji yanabadilika mlangoni tu, hayapasuliwi ndani. Ndiyo maana maji ya betri hupungua na kuhitaji kuongezwa, na ndiyo maana fundi huyu hamruhusu mtu yeyote kuvuta sigara karibu na benchi lake.

Nilimpa yule kijana kipande cha katoni na kalamu. Betri ilikuwa imejaa saa tatu zilizopita, chaja ikisoma ampea 5. Maji yaliyopotea ni kiasi gani? Alianza kwa kusitasita, kisha akashika kasi. Saa tatu ni sekunde 10,800. Kulombi 54,000. Moli 0.56 za elektroni. Kila molekuli ya maji inagharimu elektroni mbili, hivyo moli 0.28, na mara 18 ni gramu 5.

"Kijiko kimoja cha chai," akasema, akimwonyesha mjomba wake ile katoni kwa fahari.

Fundi aliitazama, akatazama betri, akachukua chupa ya maji safi, akamimina kidogo katika tundu la kwanza, karibu kijiko kimoja kwa macho yangu. Kisha akamsogezea kijana ile chupa.

"Sawa. Na haya matundu mengine matano, yatakunywa nini?"